Sakafu ya joto ghorofani: mwongozo kamili wa kuchagua mfumo mwembamba

Mama mkwe wangu alikuja mji wa Reading, Uingereza, kututembelea mwezi wa Januari, na kwa siku tatu mfululizo akajikwaa mahali palepale: kidato cha mwisho cha ngazi, pale unapofika juu. Hakuanguka, ila kila mara alishika ukuta na kuguna. Siku ya nne akaniuliza, "Mkwe wangu, hii ngazi yenu ina jini?"

Haikuwa na jini. Ilikuwa na milimita 22 nilizoziongeza mimi mwenyewe miezi miwili kabla, nilipotandaza bodi za kupasha joto juu ya mbao za sakafu, kuanzia vyumbani hadi kwenye korido ya juu. Vidato vyote vilikuwa sawa, cha mwisho kikazidi kwa upana wa kidole. Mguu hupanda kwa mazoea. Nami ni fundi bomba, kazi hii ndiyo inayonilisha Uingereza.

Nawaandikia mliohamia huku mkanunua nyumba, mnaovua viatu mlangoni, mnaokaa kwenye mkeka na kuswali chini, na ambao sakafu baridi ya ghorofani inawatoa machozi kuanzia Novemba. Sakafu ya joto, yaani mabomba ya maji moto au waya za umeme zilizofichwa sakafuni, ni neema kwa maisha ya namna hiyo. Lakini ghorofani mfumo unachaguliwa na nafasi uliyonayo, uzito ambao maboriti yanabeba, na kidato cha mwisho cha ngazi. Aina ya bomba inakuja baadaye sana.

Kwa nini ghorofani ni kazi tofauti

Chini, sakafu nyingi za Uingereza zinakaa juu ya zege. Mabomba yanalazwa na kufunikwa kwa saruji ya unene wa milimita 65 hadi 75, basi. Juu, karibu kila nyumba ya kawaida ina maboriti ya mbao yaliyopangwa kila milimita 400 hivi, juu yake mbao au chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandamizwa), na chini yake dari ya jipsamu ya chumba cha chini.

Saruji ya milimita 65 ina uzito wa takriban kilo 130 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya makazi husanifiwa ibebe mzigo wa kilo 150 hivi kwa mita ya mraba, yaani watu, vitanda, makabati na vitabu vyote pamoja. Ukimwaga saruji ile, umeshakula karibu posho yote kabla kitanda hakijapanda ngazi. Ndiyo maana tunatafuta mfumo mwembamba na mwepesi.

Hatua ya kwanza: pima, halafu ndiyo ufungue katalogi

Chukua futi, daftari na pimamaji, kisha uanzie kwenye ngazi. Pima kimo cha vidato vitatu vya juu. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka vidato vyote vya ngazi moja viwe na kimo sawa, na kwa nyumba ya kuishi kimo kisizidi milimita 220. Ukiinua korido ya juu, kidato cha mwisho kinabadilika peke yake. Ushauri wangu siku hizi ni mmoja: korido ya juu usiiguse. Iache kwenye kimo chake, vyumba viinuke, na kila mlango uwekewe kizingiti kilicholala mteremko. Korido ile hupata joto la kutosha kutoka kwenye vyumba vinavyoizunguka.

Kisha milango. Pima nafasi iliyopo chini ya kila mlango. Mlango wa mbao tupu unakatwa bila shida. Ule wa bei rahisi wenye tumbo tupu una kipande kidogo tu cha mbao chini, ukikata zaidi unafungua uwazi. Mlango wa kuzuia moto, ambao utaukuta kwenye fleti au nyumba iliyoongezewa chumba cha darini, haukatwi ovyo. Unaweza kupoteza hadhi yake.

Dirisha nalo. Sakafu ikipanda, kizingiti cha dirisha kinashuka. Dirisha la ghorofani linalofunguka likiwa chini ya milimita 800 kutoka sakafuni linahitaji kinga, na mwenye watoto wadogo hahitaji kuelezwa sababu.

Bafuni angalia choo. Tundu linaloingiza uchafu kwenye bomba la ukutani lina kimo chake. Inua sakafu milimita 20 na choo hakitakutana tena na bomba lake. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo fundi wa vigae alikwishamaliza kazi nzuri kabisa, choo kikabaki kimesimama peke yake katikati ya chumba kama mgeni asiyejulikana na mtu.

Mwisho fungua ubao mmoja wa sakafu uone kilichomo. Pima kina cha boriti, umbali kati ya boriti na boriti, na unene wa ubao. Angalia nyaya za umeme na mabomba ya zamani yanapita wapi, uyachore. Kama maboriti yana umbo la herufi I, yenye ubao mwembamba katikati na vipande vinene juu na chini, andika kwa wino mwekundu: vipande vya juu na chini havikatwi hata kidogo.

Hatua ya pili: hesabu joto linalopotea

Watu wengi hupenda kuiruka hatua hii, kisha hupiga simu Desemba.

Sakafu ina kikomo cha joto. Mahali watu wanapokaa, uso wa sakafu usizidi nyuzi 29. Bafuni hadi 33. Na juu ya mbao, watengenezaji wengi wanaweka mpaka wa 27. Sakafu hutoa karibu wati 11 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja inayozidi joto la chumba. Kwa hiyo sakafu ya mbao yenye nyuzi 27, katika chumba unachotaka kiwe na nyuzi 21, inakupa wati 65 hivi kwa mita ya mraba na haiongezi.

Sasa chukua chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4 katika nyumba ya zamani, ukuta mmoja wa urefu wa mita 4 ukitazama nje. Tuseme nje ni nyuzi 3 chini ya sifuri, ndani 21, tofauti ni 24. Ukuta wa tofali tupu usio na kinga ya kuzuia joto hupitisha takriban wati 2 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi: mita 7.6 za mraba mara 2 mara 24 ni wati 365. Dirisha la vioo viwili la zamani, mita 2 za mraba, linapoteza kama wati 134. Dari yenye sufu nzuri ya kuzuia joto juu yake, wati 46. Hewa ya chumba ikibadilika mara moja kwa saa, wati 228. Jumla wati 773.

Toa kabati la ukutani la mita 2 za mraba, maana chini ya kabati hatulazi bomba. Zimebaki mita 10. Kila mita inatakiwa itoe wati 77, nayo ina uwezo wa 65. Haitoshi, na hakuna bodi ya ajabu itakayobadilisha hesabu hiyo.

Ukiweka kinga ya ndani kwenye ukuta ule mmoja, hadi upitishe wati 0.3 badala ya 2, wati 365 zinakuwa 55. Jumla inashuka hadi 463, na kila mita inahitaji wati 46. Hapo mfumo unapumua. Kwa wateja wengi pesa ya kwanza inapaswa kwenda ukutani.

(Waingereza huhesabu chumba cha kulala kwa nyuzi 18, na kwa nyuzi 18 hata chumba kile cha kwanza kingeweza. Mimi ni mtu wa Tanga. Nahesabu 21.)

Hatua ya tatu: chagua njia

Njia ya kwanza ni mkeka wa umeme: waya mwembamba uliofumwa kwenye wavu, unene wa milimita 3 hadi 4, wati 150 au 200 kwa mita ya mraba. Chini yake weka bodi ya kinga ya milimita 6 au 10, la sivyo nusu ya joto lako itapasha dari ya chini. Ni rahisi kufunga, ghali kuendesha. Uingereza uniti ya umeme imekuwa ikigharimu kama mara nne ya uniti ya gesi. Bafu la mita 4 za mraba kwa wati 150 linakula wati 600. Saa mbili kwa siku ni uniti 1.2, jambo la kuvumilika kabisa. Vyumba vitatu vya kulala usiku kucha ni habari nyingine. Kwangu mkeka wa umeme ni wa bafu tu. Tena bafuni kazi hiyo inahitaji fundi umeme aliyesajiliwa, na sakiti iwe na RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Hilo si la kujifunza kwenye video.

Njia ya pili ni bodi zenye mifereji, zinazolazwa juu ya sakafu iliyopo. Unene ni milimita 15 hadi 25, bomba la milimita 12 linazama kwenye mfereji. Zipo za polistirini ngumu zenye karatasi ya alumini juu, nyepesi kiasi kwamba mtu mmoja anabeba za chumba kizima. Zipo pia za jipsamu yenye nyuzi, nzito, kiasi cha kilo 20 kwa mita ya mraba kwa unene wa milimita 18, lakini imara sana na zinasambaza joto vizuri. Ukienda na polistirini, usikubali isiyo na alumini. Karatasi ile ndiyo inayochukua joto kutoka kwenye bomba na kulitandaza. Bila hiyo utatembea juu ya mistari, moto, baridi, moto, baridi.

Njia ya tatu ni trei za plastiki zenye vinundu. Bomba linabanwa kati ya vinundu, kisha unamwaga saruji laini inayojisawazisha yenyewe, jumla milimita 20 hivi. Ni nzuri kwa vigae, na uzito wake ni karibu kilo 35 hadi 40 kwa mita ya mraba. Tatizo ni maji. Saruji ile ni majimaji kama uji, na sakafu ya mbao ina nyufa. Ziba kila ufa na kila pembe kabla ya kumwaga. Nimeona sebule yenye madoa ya kijivu darini, na mwenye nyumba akitazama juu bila kusema neno.

Njia ya nne haiongezi kimo hata milimita moja. Mabomba ya milimita 16 yanapita kati ya maboriti, yakishikwa na bati za alumini zinazogusa ubao wa sakafu kwa chini, na sufu ya madini ikijazwa chini yake. Unaingia kwa kung'oa mbao za juu, au kwa kubomoa dari ya chini kama ilikuwa imepangwa kubomolewa. Joto linapaswa kupenya unene wote wa ubao, kwa hiyo maji yanataka kuwa moto zaidi, na bati lisipogusa ubao sawasawa unapasha hewa tu. Hapa ndipo watu huua maboriti kwa msumeno. Shika vipimo hivi: mkato wa juu ya boriti usizidi sehemu moja ya nane ya kina chake, na ukatwe kati ya asilimia 7 na 25 ya urefu wa boriti kutoka ukutani. Tundu lipite katikati ya kina, lisizidi robo ya kina hicho, na litobolewe kati ya asilimia 25 na 40 ya urefu. Kwa boriti ya kina cha milimita 200 na urefu wa mita 4, mkato ni milimita 25 mwisho, kati ya sentimita 28 na mita 1 kutoka ukutani; tundu ni milimita 50 mwisho, kati ya mita 1 na mita 1.6.

Njia ya tano nimeipenda sana miaka ya karibuni: kung'oa chipubodi ya zamani na kuweka mpya ya milimita 22 ambayo mifereji imekwishachongwa kiwandani. Ni sakafu inayobeba watu na ni mfumo wa joto kwa wakati mmoja. Ukiweka plaiwudi nyembamba ya milimita 6 juu, kimo kinabadilika kidogo sana. Sharti maboriti yawe kwenye umbali ambao mtengenezaji ameutaja. Kama sakafu yako imeshaoza au inalia usiku kila mtu anapokwenda chooni, hii ndiyo njia, maana ungeing'oa hata hivyo.

Nyumbani kwangu ningechagua ya tano. Nilichagua ya pili kwa sababu ilikuwa wikendi na bodi zilikuwa na punguzo.

Hatua ya nne: kinachokaa juu

Vigae na mawe hupitisha joto vizuri kuliko vyote. Juu ya mbao vigae vinataka utando wa kutenganisha na gundi inayonepa, kwa kuwa sakafu ya mbao inacheza na kigae hakichezi. Mbao za tabaka zilizogundishwa ni salama kuliko ubao mzima, ambao hukauka, husinyaa na kufungua nyufa. Vinaili na lamineti zinakubali, ila soma kikomo cha joto.

Zulia linapimwa kwa togi, kipimo kilekile cha malazi ya baridi. Zulia na mpira wake wa chini kwa pamoja visizidi togi 2.5, mimi nakaza hadi 1.5. Na kuna jambo ambalo katalogi za Kizungu hazilisemi kwa sababu halimo katika maisha yao: magodoro ya wageni. Sikukuu ikifika tunatandika magodoro chini, watoto sita kwenye chumba kimoja. Godoro juu ya mkeka wa umeme linafunga joto chini yake, na sehemu ile inaweza kupata moto kupita kiasi. Makochi ya miguu mifupi na mito ya majlisi ni hivyohivyo. Chumba cha wageni kiwe cha maji, au zima umeme kabla ya kutandika.

Hatua ya tano: maji yatoke wapi

Rejeta za ukutani zimezoea maji ya nyuzi 60 hadi 70. Bodi nyembamba zinataka 40 hadi 50, kwa hiyo boila inahitaji vali ya kuchanganya na pampu ndogo. Pampu ya joto, mashine inayovuta joto la nje na kulileta ndani, inafurahia kazi hii, kwa kuwa maji ya nyuzi 35 hadi 45 ndiyo chakula chake.

Jihadhari na chumba kimoja kilichounganishwa peke yake. Boila nyingi haziwezi kushuka chini ya kilowati kadhaa, na chumba chetu kinahitaji nusu kilowati. Boila itawaka, itazima, itawaka, itazima, hadi ichoke. Fungamanisha chumba kile na rejeta mbili tatu ziitike pamoja nacho.

Hatua ya sita: kulaza

Kaza kila ubao kwa skrubu hadi sakafu inyamaze. Weka ubao ulionyooka wa mita 2 juu yake. Uwazi chini yake usizidi milimita 3. Kisha lipangie bomba. Kwa nafasi ya milimita 150 kati ya bomba na bomba, kila mita ya mraba inakula karibu mita 6.7 za bomba, na duru moja ya bomba la milimita 12 isipite mita 80. Chumba chetu cha mita 10 kinakula 67, jumlisha kwenda na kurudi kwenye manifoldi, kile kichwa ambacho duru zote zinaanzia na kuishia, unafika 77. Imepita kwa shida. Ndiyo maana manifoldi inakaa katikati ya ghorofa, mara nyingi kwenye kabati la tangi.

Usiweke kiungio chini ya sakafu. Duru ni bomba moja, mwanzo hadi mwisho.

Likishalala, lijaze maji, toa hewa, kisha lipime kwa shinikizo la bar 6 au lile alilotaja mtengenezaji. Liache na shinikizo wakati sakafu ya juu inawekwa. Msumari ukipita pabaya, mshale wa geji utakuambia palepale. Kwa waya wa umeme, pima ukinzani mara tatu: ukiwa bado kwenye boksi, ukishalazwa, na vigae vikishakauka. Andika namba zote tatu.

Ukiishi kwenye fleti, barua ya ruhusa kutoka kwa mwenye jengo itangulie yote haya, na kinga ya sauti kwa jirani wa chini iwemo kwenye mpango.

Hatua ya saba: kuwasha

Mbao mpya zikae chumbani siku mbili au zaidi kabla ya kuwekwa. Saruji na gundi zikauke muda ulioandikwa kwenye mfuko, bila kuzikausha kwa mfumo wenyewe. Kisha washa maji ya uvuguvugu na kupandisha nyuzi chache kila siku. Bodi nyepesi huitikia chini ya saa moja, tofauti na zege linalochukua nusu ya siku, kwa hiyo usiogope kushusha joto usiku.

Kabla hujafunika chochote, piga picha za mabomba yote huku futi ikiwa imelazwa ukutani, ili umbali usomeke. Chapisha picha, zibandike ndani ya mlango wa kabati la manifoldi. Mteja wangu mmoja alikuwa nazo kwenye simu, simu ikapotea, na mwaka mmoja baadaye shemeji yake akaja na drili kufunga kizuizi cha mlango. Skrubu ya milimita 40, sakafu ya milimita 14. Nilitumia siku nzima kutafuta mita moja ya bomba, na kizuizi kipya tukakibandika kwa gundi.